Mkaguzi na Ndege wa Wenzetu

Nimeuza pumba na mtama hapa Kilakala miaka mingi, na wateja wa kila namna nimewaona. Lakini mteja wa kung'ata punje moja ya mtama kwa meno ya mbele, akafumba macho, kisha akaitemea kiganjani na kuitazama kwa masikitiko, nimempata mmoja tu. Alikuwa mkaguzi wa shule kabla hajastaafu. Kazi ilimwacha, yeye hakuiacha. Nikimwamkia shikamoo aliitika marahaba huku kidole chake kikipita kwenye ukingo wa dirisha langu kutafuta uchafu, na akiupata alifurahi.

"Huu una vumbi, mama," alikuwa akiniambia, mkono umezama ndani ya gunia. "Ndege wangu hawali vumbi. Pafu la ndege ni kitu kidogo sana, mama, kama ukucha wa mtoto."

"Basi upepetwe, mzee wangu."

"Atapepeta mama huko nyumbani."

Mama wa huko nyumbani ni mkewe, na mkewe ni mtani wangu. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, na ukoo wangu na ukoo wake ni watani tangu enzi za mabibi. Mtani ana ruhusa ya kukusema mbele ya watu nawe ukacheka, na siku ya jambo zito yeye ndiye anayesimama katikati. Kwa hiyo haya ninayoyasema juu ya mume wa mtani wangu nina haki nayo. Na hata nisingekuwa nayo ningeyasema, maana yamenikaa kooni.

Binti yao aliolewa Uholanzi. Mzazi mwingine akitumiwa tiketi na binti yake huenda kumwona mjukuu. Mkaguzi alikwenda kuona ndege. Alikaa kwa mwanawe siku za kuondoa lawama, kisha akashika njia: mara bustani ya ndege ya huku, mara mfugaji wa kule mwenye kasuku wa bluu mkubwa kama jogoo, mara Ubelgiji, mara Ujerumani. Mwaka mmoja akatafuta njia ya kufika hadi Singapore. Aliingia kwenye nyumba za watu asiowajua, wazee wenzake waliostaafu, akakaguliwa viatu mlangoni, akapewa kahawa, akaonyeshwa mayai. Nadhani huko ndiko alikokuwa na raha ya kweli. Hapa Morogoro hakuwahi kuingia nyumba ya jirani akamaliza chai.

Akirudi alituita. Viti vilipangwa uani, shuka jeupe likatundikwa ukutani, na picha zikaanza kupita. Mkaguzi na kasuku begani. Mkaguzi na kasuku kichwani. Mkaguzi na mzungu mnene, katikati yao bundi anayeelekea kuchoka na wote wawili. Mkewe alizunguka na sinia la maandazi, akikohoa kwa kugeukia ukutani ili asiharibu maelezo.

"Wenzetu kule," alisema Mkaguzi. Kila sentensi yake ya maana ilianza na wenzetu. "Wenzetu kule wana tundu kubwa kama uwanja wa mpira. Mtu unaingia ndani, unatembea, ndege wako huru juu yako."

"Kwa hiyo mlifungiwa nyie," nikasema.

Watu walicheka. Yeye alisubiri kicheko kiishe, kama mwalimu anayesubiri darasa la wajinga litulie, kisha akaendelea na picha nyingine. Hakuwahi kunikasirikia. Ili umkasirikie mtu ni lazima kwanza umwone, na Mkaguzi watu hakuwaona sana. Hao wenzake aliowataja kila siku, sikuona hata mmoja akija kumtembelea.

Nyuma ya nyumba yake, tangu ukuta wa jiko hadi uzio, palikuwa na matundu. Alifuga chiriku, alifuga kasuku wawili wenye hasira, lakini fahari yake ilikuwa kwaru, wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa, wanaokaa wawili wawili wakisuguana shingo. Alipenda kutuambia kwamba kwaru akishampata mwenzake hamwachi. Alisema hivyo mbele ya mkewe, aliyekuwa amechuchumaa ndani ya tundu akikwangua mavi yao kwa kisu kibutu.

Kiti chake cha barazani kiliupa mlima mgongo. Wewe fikiria: Uluguru yote hiyo, asubuhi ukungu unapanda, jioni unaiona hadi mashamba, na mtu anaweka kiti aangalie ukuta wa jirani. Nilimwuliza siku moja kwa nini. Akasema mwanga wa upande ule unamuumiza macho. Mimi nadhani alijua kwamba akigeuka atakumbuka deni lake, na si deni la fedha.

Deni lenyewe ni hili. Walipooana alikuwa na haraka ya kuhamia kituo kipya, wakafunga ndoa hapa mjini, na kwa mjomba wa bibi harusi, kule juu Mgeta, akapeleka mtu na picha. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Mume ni mgeni wa heshima, lakini ni lazima kwanza mgeni huyo afike, akae chini, ajulikane sura na sauti. Huyu alijulikana kwa picha, amevaa tai, kidevu juu. Huko wakamwita Mkwe wa Picha, na jina likakaa hadi watoto waliozaliwa baadaye wakadhani ndilo jina lake. Mtani wangu aliona aibu kila alipokwenda kwao peke yake. Ombi lake kwa mumewe lilikuwa moja tu tangu ujana hadi mvi: tupande wote, tukae mbele ya mjomba siku moja kabla mzee hajafa.

"Nitapanda," alijibu kila mara. "Milima haiondoki."

Mgeta si Ulaya. Asubuhi unapanda gari, mkishapita Mlali linaanza kupinda na kuhema, mchana unakula njegere kwa ndugu zako. Lakini mkewe akiitaja safari hiyo, kwaru walikuwa wanaatamia. Kama hawaatamii, walikuwa na vifaranga. Kama hawana vifaranga, walikuwa wananyonyoka manyoya na hawataki kusumbuliwa. Angewaachia nani? Hilo swali la angewaachia nani halikumjia kamwe alipokuwa anaelekea Ulaya mwezi mzima. Hapo aliyeachiwa alikuwa anajulikana.

Nisije nikaonekana sina haki hata kidogo. Alikuwa na mapenzi yule, tena ya kweli. Nilimkuta siku moja na kwaru mgonjwa ndani ya shati, kwapani, amekaa naye hivyo tangu alfajiri kwa sababu ndege akipoa hufa. Hakula, hakuoga. Kila baada ya muda alimtoa, akamweka sikioni na kusikiliza kifua chake. "Anakwaruza," alininong'oneza, machozi yamemlenga. "Unasikia? Kuna kitu kinakwaruza ndani." Mimi sikusikia kitu. Alikuwa na sikio hilo: amekaa barazani atang'amua, kati ya ndege wote wale, kwamba kuna mmoja pumzi yake imebadilika, na anainuka kwenda moja kwa moja kwenye tundu lenyewe. Na jikoni, hatua chache tu kutoka alipokaa, mtani wangu alikuwa anakohoa hadi anashika meza.

Kuhusu kikohozi hicho kila mtu alikuwa na dawa yake. Tangawizi, asali, mafuta ya kuchua. Hospitali waliuliza kama anapikia kuni, akasema anapikia gesi. Wakauliza kama kuna anayevuta sigara, akasema hakuna. Wakampa dawa ya chupa. Majirani wengine walianza kutaja watu na husuda. Ajabu yake ni kwamba akienda msibani Kingolwira akalala kule siku mbili tatu, kilipungua. Akirudi nyumbani kilimpokea mlangoni. Tukasema ni baridi ya mlima inayoshukia Kilakala. Binadamu hakosi la kusema.

Kisa cha pete kingetosha kunifundisha Mkaguzi ni mtu gani. Wafugaji wa huko Ulaya humvisha kifaranga pete ndogo mguuni angali mchanga, mguu ukikua pete haitoki tena, na ndiyo alama kwamba huyo kazaliwa kwenye tundu, hakutegwa porini. Mkaguzi alirudi na kifuko cha pete hizo, zinang'aa, akazionyesha kama mahari. Kwaru wake walipoangua, akawavisha vifaranga wote wa kiota kimoja. Kesho yake asubuhi wote walikuwa sakafuni, wamekufa. Mama yao alikuwa amewatupa nje.

Alilia, nitampa hilo. Kisha akafuta macho akamgeukia mkewe. Alisema mkewe alifungua kiota usiku wa jana, alisema mikono yake ilikuwa na harufu ya vitunguu, alisema ndege mama amemwogopa. Yule mwanamke hakuwa amefungua kiota chochote. Alijitetea mara moja, hakusikilizwa, akachukua beleshi akaenda kuzika vifaranga chini ya mpapai.

Safari iliyofuata Mkaguzi akaambiwa ukweli na mfugaji mmoja wa Ubelgiji. Ndege mama akiona kitu kinang'aa kiotani anadhani ni uchafu, anautoa nje, na kifaranga mwenye pete mguuni anatoka nao. Wafugaji wazoefu huipaka pete wino mweusi au mavi ya ndege kwanza, isionekane. Basi siku ya picha akatueleza haya yote kwenye shuka jeupe kama elimu mpya, kwa raha kabisa. "Wenzetu kule hupaka pete, jamani. Kosa kubwa ni kuvisha pete inayong'aa." Mkewe alikuwa amesimama na sinia. Nilimtazama, naye akanitazama. Nikangoja Mkaguzi amalizie sentensi, aseme basi mama watoto nilikuonea. Akaendelea na picha ya bata mzinga.

Na sasa barakoa. Ilikuja na safari ya kwanza kabisa, si ile ya kitambaa tuliyozoea, bali ngumu, ina kidude cha plastiki mbele cha kupumulia. Hakuingia kwenye matundu yake bila kuivaa. Nilipomwuliza ni ya nini, alijibu kwa ile sauti ya kupitisha hesabu za darasa la nne.

"Ni heshima kwa ndege, mama. Pumzi ya mtu ina vijidudu vingi. Sisi ndio tunaowaambukiza."

"Na mtani wangu mbona haivai? Yeye ndiye anashinda humo."

"Yeye wamemzoea."

Niliamini. Nilirudi dukani nimefunika mdomo wangu kwa mkono, nikiwahurumia ndege wa watu. Mtani wangu akaendelea kufagia matundu akiwa amebana upande wa khanga mdomoni, na mikono ikijaa khanga iliachia, na unga mweupe wa manyoya ulimpanda usoni hadi kwenye nyusi. Akitoka alikuwa kama mtu wa mashineni, anayesaga dona.

Mwaka jana habari zilishuka kwamba mjomba haamki vizuri. Mtani wangu akamwambia mumewe sasa tupande. Mumewe alikuwa na tiketi ya Ujerumani, maonyesho makubwa ya ndege wa kufugwa, hayangoji mtu. "Nikirudi tu," alisema, na akaongeza lile la milima. Siku aliyopanda treni ya umeme kuelekea uwanja wa ndege, mtani wangu alimsindikiza stesheni, akampungia, akarudi, akaja dukani kwangu na funguo mkononi.

"Mtani, nakuachia ndege wa mwenyewe. Maji asubuhi, mtama mara mbili. Mimi nakwenda kwetu."

"Unarudi lini?"

"Kwani nimeaga kama mtu anayerudi?"

Alichukua begi moja. Kwetu mwanamke hafukuziki kwenye ardhi ya mama yake. Shamba lake la kule Mgeta lilikuwa linalimwa na dada yake akimsubiri. Mimi nikabaki na ndege. Niliwalisha kwa sababu tumbo la ndege halina kosa, na nilifagia, na wiki ya pili kifua kikaanza kunibana. Nikasema ni mafua ya kiangazi.

Mkaguzi aliporudi alikwenda kwanza kwenye matundu. Nilimwona kwa macho yangu, begi bado liko getini. Alikagua tundu baada ya tundu, akapitisha kidole, akaridhika, ndipo akaja dukani.

"Mama yuko wapi?"

"Juu."

"Anarudi lini?"

"Milima haiondoki, mzee wangu."

Sijawahi kufaidi jibu kama lile. Aliondoka bila kununua kitu. Alijaribu kuishi peke yake, na jamani, mtu aliyezunguka bustani za ndege za dunia nzima hakujua mfagio wake unakaa wapi. Shati likawa na madoa, chiriku wakaanza kufa, harufu ikafika barabarani. Hatimaye akaja jioni moja, akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakugusa dirisha langu.

"Wewe ni mtani wao," alisema. "Nipeleke."

Nilimwambia utaratibu. Mkwe asiyewahi kufika huenda kama mkwe mpya, hata awe na mvi. Mtani anatangulia na neno. Na jogoo wa kumpa mjomba. Akaniuliza kama angeweza kupeleka jozi ya kwaru badala ya jogoo, ni ndege wa thamani zaidi. Nikamwambia mjomba hana meno ya kutafuna kwaru.

Basi tukapanda, yeye, mimi na jogoo. Watu humfunga jogoo miguu wakamning'iniza kichwa chini. Yeye alikataa. Alimbeba kwapani tangu Morogoro hadi Mgeta, akamsemesha kwenye kona, akamfunika jicho tulipokutana na lori. Kondakta alinikonyeza. Nilicheka, lakini nitasema kweli, niliona pia kitu cha kumhurumia mle, na nikachukia kukiona.

Mjomba alikuwa hai, mwepesi kama jani la ndizi kavu, ameketi kwenye kiti uani, blanketi magotini. Mkaguzi akakaa kwenye mkeka. Nikasema maneno ya mtani: nimewaletea picha yenu, imeota miguu, mwangalie kama ndiyo hiyohiyo. Watu wakacheka, mjomba akacheka hadi akapanguswa machozi.

"Karibu, mkwe," alisema. "Tulisikia kwamba milima haiondoki. Ni kweli, nasi tuko palepale."

"Shikamoo, mjomba," akasema Mkaguzi, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Ndipo mtani wangu akatoka jikoni. Alikuwa amenenepa. Alimwamkia mumewe kwa adabu zote, akakaa karibu na mjomba wake. Mkaguzi alimtazama, kisha nikaona shingo yake inainama upande, lile sikio lake linatega.

"Kifua kimetulia," alisema. "Hukwaruzi."

"Tangu wiki ya tatu ya kufika kwangu," mkewe akajibu.

Alifurahi. Wallahi alifurahi, uso ulimng'aa, na furaha ile ndiyo iliyommaliza. Aliingiza mkono kwenye mkoba akatoa boksi jipya, akalifungua kwa uangalifu, akatoa barakoa kama ile yake na kuiweka juu ya mkeka mbele ya mkewe. Alisema amemletea kutoka Ujerumani. Alisema akirudi nyumbani ataivaa, hatapata shida tena.

Mjomba akauliza kile ni kitu gani.

Na Mkaguzi akakagua swali, akaona analijua, akalijibu. "Ni kwa ajili ya vumbi la ndege, mjomba. Lile vumbi la manyoya linaingia kifuani, linakaa, linaharibu mapafu. Wenzetu kule hawaingii kwenye tundu bila hii. Ni jambo la kwanza wanalokufundisha."

Watoto waliacha kucheza.

"La kwanza," mjomba akarudia polepole. "Kwa hiyo ulijua."

Kila mtu alinigeukia mimi, maana panapoingia aibu kubwa kiasi hicho kazi ya mtani ni kusema neno watu wacheke, mambo yapite. Nina maneno ya kumsema mtu yule hadi kesho. Sikupata hata moja.

Mtani wangu aliiokota barakoa, akaigeuza akikitazama kile kidude chake cha plastiki, akavuta mipira yake kuona kama ni imara. Kisha akaipangusa kwa ncha ya khanga, akairudisha kwenye boksi, na akaliweka boksi magotini kwa mumewe.

"Vaa wewe," alisema. "Sasa utakuwa unafagia mwenyewe."

Akaenda jikoni kumtayarisha yule jogoo. Mkaguzi alishuka na mimi siku ileile, boksi mkononi, na njia nzima hadi Mlali hakusema neno lolote juu ya wenzetu.